Mikumi inakula, Kilosa inasubiri: Safari ya chakula kutoka pwani hadi bara

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

KABLA basi halijatulia kituoni Mikumi, masinia huwa yamekwisha kuinuliwa hadi usawa wa madirisha. Mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kutiwa chumvi na pilipili, mahindi ya kuchoma, ndizi mbivu, karanga zilizofungwa kwa karatasi na maji ya chupa huuzwa katika muda ambao dereva anauhesabu kwa dakika. Chenji hurushwa, basi huondoka, na wauzaji hurudi kivulini kungoja jingine.

Umbali wa kilometa sabini na ushee kaskazini mwa hapo, katika mji wa Kilosa, pilikapilika za namna hiyo ni hadithi za wazee. Mji huo ndio makao makuu ya wilaya ambayo Mikumi ni sehemu yake. Mahindi yanayochomwa Mikumi hulimwa pia Kilosa, mchele ni ule ule, na mbuzi hutoka katika mbuga zile zile. Kilichowatenga ndugu hawa wawili ni njia: Mikumi imekaa kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, ilhali Kilosa ilikaa kando ya reli.

Msafiri anayetoka pwani kwa nia ya kula anaweza kuisoma habari hiyo yote sahanini, kituo baada ya kituo. Chakula cha njiani hufuata njia, na njia inapohama, jiko nalo huzimika au kuhama.

Posho ya wapagazi

Jambo hili lilianza kabla ya reli na lami. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe na Ujiji ilipita katika nchi ya Usagara, ambako ndiko Kilosa ilipo leo. Mamia ya wapagazi walipaswa kula kila siku, nao walipewa posho, yaani chakula cha siku au kitambaa cha kununulia chakula hicho. Nafaka ilipimwa kwa kibaba.

Vijiji vilivyokuwa kandokando ya njia ya misafara viliuza nafaka, kuku na mboga. Vilivyokuwa mbali havikuuza. Hapo ndipo biashara ya kuwalisha wapita njia ilipoanzia katika ukanda huu.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kuingia Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kilosa ikawa mji wa stesheni, na mashamba ya katani ya Kimamba na maeneo jirani yakavuta vibarua kutoka mbali, walioitwa manamba. Kila kabila lilikuja na namna yake ya kupika. Ndiyo maana hata leo katika mji huu utawakuta Wasagara, Wakaguru, Wavidunda, Waluguru na watu wa asili za Kusini na Magharibi wakila meza moja.

Barabara ya lami kwenda Zambia ilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haikupita Kilosa mjini. Ilipita Mikumi.

Nazi inapobaki nyuma

Safari ya leo huanzia Dar es Salaam, na jambo la kwanza la kuliangalia ni mchuzi. Katika kilometa takriban 110 za mwanzo, kupitia Kibaha na Mlandizi hadi Chalinze, bado upo katika himaya ya nazi. Maharage huungwa kwa tui, kisamvu hupikwa kwa tui, na wali hunukia tui. Barabarani huuzwa madafu, mihogo, korosho za kukaanga na, katika msimu wake, mananasi yatokayo Kiwangwa wilayani Bagamoyo.

Chalinze ni njiapanda ya kweli. Magari ya Tanga, Kilimanjaro na Arusha hukata kulia, na ya Morogoro huendelea mbele. Kwa sababu hiyo machungwa ya Tanga na mananasi ya Pwani hukutana hapo na msafiri asiyekuwa na habari ya yalikotoka.

Baada ya Chalinze, minazi hupungua. Ukifika Morogoro, kilometa nyingine takriban 85, Milima ya Uluguru imekwisha kubadili mandhari na kikapu. Ndizi, machenza na viungo hushuka kutoka upande wa Matombo. Kabichi, karoti na njegere hushuka kutoka Mgeta, ambako baridi huruhusu mboga ambazo joto la tambarare lingeziua.

Kutoka hapo kuelekea Mikumi na Kilosa, nafasi ya nazi huchukuliwa na karanga, ufuta na alizeti. Kisamvu kile kile kilichopikwa kwa tui Mlandizi, huku huungwa kwa karanga zilizotwangwa. Hakuna kibao kinachokuonyesha kwamba umetoka pwani na kuingia bara, lakini ulimi hukuambia.

Kilometa 50 bila jiko

Barabara ya Iringa ikiiacha Morogoro hupita Melela, eneo la wafugaji, kisha Doma, kijiji kijulikanacho kwa nyanya. Hapo matenga hupangwa kando ya barabara, na madereva wa malori na wenye magari madogo husimama kununua. Kituo hiki hakikuzuka kwa bahati. Mara baada yake huanza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230. Barabara kuu huikata kwa takriban kilometa 50, na katika masafa hayo hakuna genge, hakuna mama lishe wala sinia la mayai. Mwenye njaa anunue kabla au avumilie hadi atokee upande wa pili. Mpaka wa hifadhi ndio uliokifanya Doma kuwa mlango wa sokoni upande wa mashariki na Mikumi mjini kuwa mlango upande wa magharibi.

Hata hivyo, chakula huingia hifadhini ndani ya mabasi, na hapo ndipo penye tatizo. Maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi na mabaki ya chipsi yanaporushwa dirishani, nyani huyafuata. Nyani aliyezoea kuokota barabarani huacha kuyaogopa magari, huwafundisha watoto wake tabia hiyo, na hatimaye hugongwa. Mzoga wake nao huwavuta wanyama wala nyama na ndege hadi kwenye lami, nao huingia katika hatari ile ile.

Kulisha wanyama na kutupa taka hifadhini ni marufuku, na madereva hutakiwa kupunguza mwendo. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, jambo lililopunguza sehemu ya uchafu uliokuwa ukining'inia vichakani. Lakini gunzi la mhindi si plastiki, na abiria wengi hudhani kwamba kitu kinachooza hakina madhara. Kwa nyani wa Mikumi, gunzi ni mwaliko wa kuja kufa.

Kwa nini Mikumi

Mji mdogo wa Mikumi una faida tatu. Ya kwanza ni huo mlango wa hifadhi. Ya pili ni njiapanda: kutoka hapo barabara hukata kusini kwenda Ruaha, Kidatu na Ifakara, nayo huleta mchele wa Bonde la Kilombero na sukari ya viwanda vya Kilombero, ambavyo kimoja kipo upande wa Kilosa na kingine upande wa pili wa Mto Ruaha Mkuu. Ya tatu ni saa.

Faida hii ya saa inahitaji maelezo. Tangu miaka ya 1990, mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku, kwa sababu ya ajali na ujambazi. Matokeo yake, mabasi mengi ya kwenda Nyanda za Juu Kusini yaliondoka Dar es Salaam alfajiri, yote kwa pamoja, na kuifikia Mikumi kabla ya adhuhuri, yakiwa yameandamana. Mama lishe alijua saa ya kuinjika sufuria ya wali na saa ya kuuepua. Mchana aliuza, jioni alipumzika, kwa kuwa mabasi yalikuwa yamekwisha kupita.

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena safari za usiku. Kwa abiria hiyo ni nafuu. Kwa mpishi wa kando ya barabara ni mabadiliko ya maisha: wateja waliokuwa wakija kwa mkupuo sasa hugawanyika katika saa 24. Anayetaka kuwapata wote hana budi kukesha, kuajiri msaidizi, au kupika kidogo kidogo mara nyingi, na kila njia kati ya hizo ina gharama ya mkaa, ya usingizi au ya usalama.

Malori ndiyo yaliyobaki kuwa tegemeo. Dereva anayekwenda Zambia au Kongo hali kwa dakika 15. Huketi, huagiza supu, ugali na nyama choma ya mbuzi, na mara nyingine hulala hapo. Ukitaka kula vizuri Mikumi, pita vibanda vya dirishani na uende pale yalipoegeshwa malori mengi. Dereva anayeipita njia hiyo mara kwa mara hakubali kudanganywa na mchuzi.

Moto uliopo chini ya sufuria

Kutoka Mikumi kwenda Kilosa, msafiri huiacha barabara kuu na kuelekea kaskazini. Njiani hupita katika eneo la Ulaya, jina linalowachekesha wageni wote, na vijiji vilivyozungukwa na miombo. Ni huku ambako mtu hukutana na kile ambacho walaji wengi hawakikumbuki, yaani mkaa.

Kila sahani iliyoliwa tangu Kibaha imepikwa kwa moto wa aina fulani, na kwa sehemu kubwa moto huo hutokana na misitu ya mikoa ya Pwani na Morogoro. Kuanzia mwaka 2012, baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Kilosa, vikiwamo Ulaya Mbuyuni na Ihombwa, viliingia katika mradi wa kuvuna mkaa kwa utaratibu, ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) pamoja na mtandao wa jamii wa MJUMITA.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Kijiji hutenga sehemu ya msitu wake na kuigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, mithili ya ubao wa drafti. Kitalu kimoja hukatwa na cha jirani huachwa, na visiki huachwa vichipue. Kitalu kilichovunwa hupumzishwa kwa miaka 24. Ushuru wa mkaa huingia katika mfuko wa kijiji na kutumika kwa mambo kama madarasa na huduma za afya.

Wakati huohuo, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mama lishe anasimama katikati ya mambo hayo mawili. Gesi haina moshi, lakini mtungi hulipiwa kwa mkupuo, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha iliyopatikana asubuhi hiyo hiyo. Mtu anayeishi kwa mauzo ya siku hununua kwa kipimo cha siku.

Sahani moja, mgogoro mmoja

Ukiketi Kilosa na kuagiza ugali na nyama ya kuchoma, unakuwa umeviweka pamoja vitu viwili ambavyo wilayani humu vimegombana mpaka kumwaga damu. Mahindi ni ya mkulima, na nyama ni ya mfugaji. Tambarare ya Mkata ina maji na majani, na kwa miongo kadhaa wakulima na wafugaji wameigombea, hasa wakati wa kiangazi.

Desemba mwaka 2000, zaidi ya watu 30 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kutokana na mgogoro wa aina hiyo. Tukio hilo halijasahaulika. Kupima ardhi ya vijiji, kutenga njia za mifugo na kuchimba malambo si mambo ya ofisini tu. Ndiyo yanayoamua iwapo nyama na ugali vitaendelea kukutana mezani kwa amani.

Kilosa haina upungufu wa chakula cha kumpa mgeni. Wilaya hii hulima mahindi, mpunga, mbaazi, ufuta na alizeti. Jirani na mji ipo Ilonga, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho watafiti wake walizalisha mbegu za mahindi zilizosambaa nchini, ikiwamo Staha. Mpishi wa Mikumi anayechoma mhindi huenda hajui kwamba sehemu ya historia ya punje hizo iliandikwa umbali wa saa chache kutoka alipo.

Koroboi stesheni

Katika enzi za treni, muda wa Kilosa ulikuwa usiku. Treni ya bara iliyoondoka Dar es Salaam jioni iliifikia Kilosa usiku wa manane, na wauzaji waliipokea kwa koroboi na vibatari, wakiwa na kuku, wali, mayai na ndizi. Abiria alinyoosha mkono dirishani, akapokea chakula kwenye karatasi, akalipa. Familia nyingi za mji huo zilisomesha watoto kwa fedha hiyo ya usiku.

Pigo kubwa lilitokea mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010. Mto Mkondoa, unaopita kando ya mji, ulifurika na kuvunja tuta lililokuwa likiukinga. Maelfu ya watu walipoteza makazi na kuhamia kambini. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa vibaya, na kwa miezi kadhaa treni za abiria za bara zililazimika kuanzia Dodoma. Mji uliokuwa ukilisha treni ukabaki bila treni.

Huduma ilirejeshwa baadaye, lakini mafuriko hayakukoma, na abiria wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye mabasi. Barabara ya kutoka Kilosa kupitia Rudewa hadi Dumila, yenye urefu wa takriban kilometa 70, ndiyo iliyoupa mji huo njia ya kutokea kwenye barabara kuu ya Dodoma. Hata njia hiyo haikusalimika: Januari 2014, mafuriko yaliharibu daraja la Dumila na kukata mawasiliano kati ya Morogoro na Dodoma. Ni dhahiri kwamba katika nchi hii maji ndiyo yanayoamua nani atakula na nani atauza.

Dirisha lisilofunguka

Sasa treni imerudi kwa sura nyingine. Reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na kufika Dodoma Julai 25 mwaka huo. Kilosa ni miongoni mwa stesheni zake, na milima ya Kilosa ndiyo iliyotobolewa mahandaki ili treni ya umeme ipite, kwa mwendo unaoweza kufikia kilometa 160 kwa saa.

Kwa msafiri ni jambo la kushukuru. Masafa yaliyokuwa yakila usiku mzima sasa humalizika kwa saa chache. Lakini kwa mtu wa sinia, treni hii ni tofauti kabisa na ile ya zamani. Ina viyoyozi, hivyo dirisha halifunguki. Stesheni ina uzio, na anayeingia jukwaani ni mwenye tiketi. Treni husimama kwa dakika chache, na abiria anayekwenda Dodoma kwa saa chache hana haja ya kula njiani.

Reli ya kwanza ilileta njaa ya abiria hadi mlangoni mwa Kilosa. Reli ya pili inaipitisha njaa hiyo kwa kasi, ikiwa imefungiwa ndani ya vioo. Mji unaweza kuwa na treni nyingi kuliko wakati wowote wa uhai wake na bado mama lishe wake asiuze hata yai moja.

Suluhisho halitatokana na kurudisha masinia kwenye reli. Usalama wa treni ya umeme hauruhusu hilo. Linaweza kutokana na mambo mawili. La kwanza ni nafasi: vibanda nje ya stesheni, katika eneo la teksi na bodaboda, vitolewe kwa wenyeji kwa masharti wanayoyamudu. La pili ni sababu ya kumfanya abiria ashuke. Kilosa ipo jirani na hifadhi, ina milima, ina mto na ina jikoni lenye makabila mengi. Anayetoka Dar es Salaam asubuhi kwa treni anaweza kula mchana Kilosa na kulala Mikumi. Mtu huyo atahitaji sahani, wala hatahitaji dirisha.

Kwa anayetaka kujaribu

Mzunguko wenyewe ni rahisi: Dar es Salaam, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Kilosa, Dumila na kurudi Morogoro. Siku mbili zinatosha, tatu ni bora. Wakati wa masika barabara za vumbi na madaraja huhitaji kuulizwa habari zake mapema. Embe hujaa kuanzia Novemba hadi Januari, machungwa na machenza katikati ya mwaka, na mchele mpya hupatikana baada ya mavuno, Juni na Julai.

Kula mahali penye wateja wengi na sufuria linalofuka moshi. Beba chenji. Nunua nyanya Doma, lakini usile na kutupa mpaka utokee upande wa pili wa hifadhi. Weka maganda na magunzi kwenye mfuko na uyatupe Mikumi mjini.

Na ukifika Kilosa, usiishie kupiga picha stesheni na kuondoka. Uliza wapi wanapika kisamvu cha karanga, keti, agiza. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mji ambao njia imeuhama mara moja na sasa imerudi ikiwa na vioo, methali hiyo ni hesabu ya chakula cha jioni.